Foleni ya Kuungama

Mwalimu Normand Maltais alikuwa amefundisha historia miaka thelathini na miwili katika sekondari ya Sainte-Ozanne, kando ya ziwa, Quebec, Kanada, na kila mwaka ifikapo Februari alikwama palepale: miaka ya sitini, ile ya Mapinduzi ya Kimya. Siyo kwamba hakuijua. Alizaliwa humo. Taabu ilikuwa wanafunzi. Utamwelezaje mtoto wa miaka kumi na sita kwamba ndani ya miaka kumi tu watu waliacha kujaa makanisani, masista wakavua shela, shule zikatoka mikononi mwa mapadri, na wanawake waliokuwa wakizaa kumi na wawili wakaanza kuzaa wawili? Mtoto anakutazama tu. Padri hajawahi kumwona. Sista amemwona kwenye sherehe ya mavazi ya kutisha, na huyo sista alikuwa na ndevu.

"Bwana Normand," aliuliza Maïka Bouliane, binti wa kiti cha mbele ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila chingamu mdomoni, "kama walikuwa hawapendi kanisani, si wangeacha kwenda tu?"

"Ndicho walichofanya. Waliacha."

"Sasa mapinduzi yako wapi hapo? Hata mimi niliacha mazoezi ya kuogelea."

Darasa zima likaangua kicheko. Normand alirudi nyumbani akiwa amenuna hadi masikioni. Hasira yake ilikuwa ya haki kabisa, maana asiyejua kitu kilikuwaje hawezi kuona uzito wa kukiacha.

Mwaka huo kanisa la parokia liliuzwa. Mnunuzi, kijana mmoja kutoka Chicoutimi, alikuwa analigeuza ukumbi wa kupanda kuta kwa kamba. Mabenchi yalienda kwenye mikahawa, sanamu zikaenda kwa watu wenye bustani, na kizimba cha maungamo, ambacho hakuna aliyejua kukifanyia nini, kikabaki nje kwenye theluji. Normand alikiona akipita, akarudi na gari la shemeji yake. Kilikuwa cha mwaloni, na milango mitatu: katikati anakaa padri, na kila ubavu anapiga goti muungamaji. Padri akimsikiliza wa kushoto, wa kulia anangoja zamu gizani, na kati yake na padri kuna kidirisha chenye kibao cha kuteleza. Kibao cha kulia kilikuwa kimevimba kwa unyevu, hakikufunga tena. Normand aliliona hilo, akalipuuza.

Mkuu wa shule, Bi Josiane Lavertu, alikuja mbio hadi mlangoni mwa darasa.

"Normand, umeleta kanisa kwenye shule ya serikali."

"Nimeleta samani, Josiane."

"Samani ina msalaba juu! Sheria ya kukataza dini shuleni unaijua au huijui?"

"Una kofia?"

Msalaba ukavishwa kofia ya sufu ya buluu na nyekundu iliyookotwa kwenye sanduku la vitu vilivyopotea, na mlangoni kikabandikwa kibao: KABATI LA URITHI. Bi Josiane alilizunguka kabati mara mbili.

"Na mtu asipige goti humo."

"Ubavuni hakuna kiti, ni pa kupigia goti tu."

"Basi wachuchumae," alisema, akaenda zake akiwa ameridhika kwamba ameilinda serikali.

Somo lilipangwa kuwa la dakika ishirini. Maïka aliketi kwa padri kwa sababu alinyoosha mkono kwanza. Normand akawafundisha maneno ya kuanzia na kanuni mbili: ukisikia hutoi nje, na mwisho lazima utoe malipizi. Wa kwanza kuingia alikuwa Zachary Potvin, kipande cha mtu, mlinda lango wa timu ya magongo ya barafuni. Aliungama kwamba siku ya Krismasi alimpa mbwa kwa siri kipande cha mkate wa nyama wa bibi yake, kisha akaomba aongezwe kingine. Maïka hakujua sala hata moja. Akatazama kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kitabu cha historia.

"Soma ukurasa wa mia mbili na kumi na nne," alisema. "Mara tatu. Nenda kwa amani."

Zachary akatoka macho yamelowa.

"Vipi?" aliuliza mmoja.

"Sijui, jamani. Nimekuwa mwepesi."

Kesho yake asubuhi kulikuwa na watu tisa mlangoni kabla Normand hajafika. Kufikia Ijumaa foleni ilikuwa imepita makabati ya wanafunzi, ikakata kona, ikafika vyooni. Wakaja wa kidato cha tano. Akaja mpishi wa kantini. Akaja mwalimu wa hisabati, akaungama kwamba kwa miaka kumi na moja hajawahi kusahihisha ukurasa wa mwisho wa mtihani wowote. Alitoka na kurasa arobaini za kusoma, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akipiga mluzi. Ugomvi wa nani ametangulia ulipozidi, Zachary alileta mashine ya namba kutoka bucha la baba yake. Unavuta karatasi yako, unangoja, kama aliyefuata soseji.

Normand aliona anapata kichaa. Alikuwa anafundisha muongo ambao watu wake waliacha kuungama, na shule nzima haikuwa na nafasi ya kitu kingine ila kuungama.

"Sikilizeni!" alipaza sauti. "Somo ni jinsi watu walivyoacha! Waliacha! Hiki kizimba kilikuwa kitupu!"

"Tutaacha, Bwana Normand," alisema Maïka kwa upole kutoka ndani. "Tukifika ukurasa huo."

Ubaya ni kwamba jaribio lilipofanyika, wastani wa darasa ulipanda kutoka sitini na moja hadi themanini na nane. Hakuna darasa lililowahi kuyajua Mapinduzi ya Kimya namna ile, kwa sababu hakuna lililowahi kuwa na dhambi nyingi namna ile. Bi Josiane aliyatazama matokeo, akamtazama Normand, kisha siku moja, wakati wa chakula, akavuta namba kimyakimya.

Barua ya wilaya ilifika Jumanne. Mtu aliyekasirishwa na malipizi yake alikuwa ameshtaki. Kabati la Urithi litachukuliwa Alhamisi saa sita mchana na kupelekwa kupasuliwa kuni. Bi Josiane alimsomea Normand barua ile kwa sauti ya msiba.

Jioni hiyo Normand alikwenda kumwona mama yake kwenye nyumba ya wazee. Fleurette Maltais alikuwa na miaka themanini na minane, na moyo ambao daktari alishautolea kauli: akiyaona majira ya kuchipua majani, ashukuru. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na yote makali. Kanisani hakuwa ameingia kwa muda mrefu kuliko Normand alivyoweza kukumbuka; hata siku ya kumzika mumewe alingojea nje ndani ya gari, injini ikiunguruma. Hakuna mtoto wake aliyethubutu kuuliza. Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo familia ilishalizoea: watoto watano wa kwanza aliwaita kwa majina yao, lakini Normand, kitinda mimba, hakuwahi kumwita Normand hata siku moja. Alimwita Pasaka. Normand alizaliwa Novemba. Utotoni aliwahi kuuliza Pasaka ni kwa nini, akaambiwa ale chakula chake. Akala, na akaamua moyoni kwamba ni jina la mapenzi.

Alimsimulia habari ya kizimba ili amchekeshe. Fleurette alikuwa anakunywa supu ya njegere. Hakucheka.

"Kizimba kipi? Cha upande wa Mtakatifu Yosefu?"

"Hichohicho, Mama. Kimebaki hicho tu."

Kijiko kikawekwa mezani.

"Nipeleke."

"Mama, na theluji hii? Daktari alisema..."

"Daktari alisema nitakufa. Hakusema nifie kwenye kiti hiki. Kuna jambo nililiacha mle ndani, Pasaka. Nilikatizwa. Nataka nilimalize kabla hawajakichoma."

"Jambo gani?"

"Lingekuwa la kukwambia wewe, ningehitaji kizimba?"

Alhamisi walifika shuleni saa tano na nusu, kwa sababu theluji ilikuwa imeziba barabara na Fleurette alikataa kuondoka bila hereni. Normand alimwingiza akitembelea mkongojo, hatua kwa hatua, moyo wake mwenyewe ukienda mbio kuliko ule mgonjwa. Akamvutia namba. Ilitoka sitini na tatu. Kibao cha namba kilichotundikwa juu ya mlango kilionyesha kwamba aliyeko ndani ni hamsini na mbili.

"Watu kumi mbele yako," alimwambia. "Na nusu saa imebaki."

"Nilishangoja miaka sitini," alisema Fleurette. "Lakini sasa naona naharakishwa."

Hapo ndipo wabebaji wa wilaya walipotokea, wanaume wawili wanene wenye mikanda ya kubebea, wamewahi kabla ya saa. Nyuma yao alikuwa Bi Josiane akikunja vidole.

"Tunakichukua sasa hivi," alisema yule mkubwa. "Mchana tuna piano."

"Kina watu ndani," alisema Normand.

Mbebaji akakuna kidevu. Kweli, kanuni za usalama kazini zilikataza kuinua mzigo wenye mtu ndani.

"Tutangoja watoke."

"Basi hawatoki!" Normand aliligeukia darasa. "Jamani, kisibaki kitupu hata dakika moja! Akitoka mmoja, aingie mwingine!"

"Normand, hebu toka nje tuzungumze," alisema Bi Josiane kwa ile sauti yake ya kuandika barua za onyo.

Mtu mzima wa miaka karibu sitini, mwenye digrii mbili, alitazama kulia, akatazama kushoto, akafungua mlango wa kulia wa kizimba, akajifungia humo. Nje, alisikia sauti ya mama yake ikigombana na foleni.

"Namba yako ngapi, Bibi?"

"Sitini na tatu, na sina muda wako."

"Mimi nina hamsini na tatu." Ilikuwa sauti ya Zachary. "Chukua. Dhambi yangu inaweza kungoja, ni ileile ya mkate wa nyama. Jumapili hii tena amenipikia."

Mlango wa kushoto ukalia. Mkongojo ukagonga mbao. Mama yake akapiga goti kwa kuguna, kidirisha chake kikafunguliwa, na ndipo Normand alipokumbuka kibao cha kulia. Akakisukuma. Hakikusogea. Kupitia ile nafasi ya upana wa kiganja aliona sikio la Maïka na taya lake likitafuna, na kila neno la upande wa pili lilimfikia kama vile limesemwa mezani.

"Karibu," alisema Maïka. "Mara ya mwisho uliungama lini?"

"Ya uongo, mwaka sitini na tano. Ya kweli, sitini na tatu. Lakini hiyo sikuimaliza."

"Kwa nini?"

"Padri alifunga kidirisha."

"Haya, mimi sikifungi. Malizia."

Fleurette akavuta pumzi. Normand alifikiria kutoka, lakini nje kulikuwa na Bi Josiane, na ukweli ni kwamba hata kama nje kungekuwa peponi asingetoka.

"Nilikuwa na watoto watano," alisema mama yake. "Daktari akaniambia wa sita atanizika. Nikahama chumba, nikaenda kulala na binti yangu Huguette. Mwaka ukapita bila mtoto mchanga nyumbani. Padri Odilon akaja, akaketi jikoni kwangu, akala keki yangu vipande viwili, akauliza wa mwaka huu yuko wapi. Ilikuwa kazi yao, walizunguka nyumba zote. Basi Kwaresima nikaja hapa kuungama. Akaniambia, bila mtoto hakuna maondoleo ya dhambi. Nikamwambia daktari kasema nitakufa. Akaniambia daktari si Mungu. Nikafungua mdomo nimjibu, akanifungia kibao usoni. Tak!"

Chingamu ilisimama.

"Subiri kidogo, Bibi. Sijaelewa. Kosa lenyewe ni lipi?"

"Ndilo hilo."

"Hilo lipi? Kutokufa?"

Fleurette akasogeza uso kidirishani.

"Niulize tena," alisema.

"Kosa ni lipi?"

"Sijui, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Maïka alifunua kitabu. Normand alisikia kurasa zikipita, nyingi, kisha kitabu kikafungwa.

"Sina ukurasa wa kukupa," alisema yule binti, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena. "Ulitaka kumjibu nini?"

"Hapana. Neno moja tu. Nilitaka kumwambia hapana."

"Mwambie."

"Hapana."

"Kwa nguvu, Bibi, huko nje wanapiga kelele."

"HAPANA!" alipiga ukelele Fleurette Maltais, hata kofia ya sufu ikaanguka kutoka msalabani. Mbebaji mmoja akadondosha mkanda wake. Sauti ikakata kona, ikafika vyooni.

"Hiyo imefika," alisema Maïka. "Halafu ikawaje?"

"Halafu nikashindwa." Sauti ya mama yake ilikuwa imeshuka. "Mtu asiyepewa maondoleo hapokei komunyo, na asiyepokea komunyo wakati wa Pasaka kijiji kizima kinamwona. Pasaka mbili nilibaki peke yangu kwenye benchi, watu wote wanapita kwenda mbele wananikwepa magoti. Mume wangu walimcheka kiwandani. Ya tatu sikuiweza. Nikarudi chumbani kwa mume wangu. Machi nilikuwa na mimba tayari, nikamwambia padri, nikaungama toba ya uongo, naye akanipa komunyo, Pasaka yangu."

Gizani, Normand alikuwa anahesabu miezi kwa vidole. Februari, Machi, Aprili. Alihesabu mara mbili, kama mtu anayetumaini vidole vyake vimekosea. Vilifika Novemba mara zote mbili.

"Na ukafa?" aliuliza Maïka.

"Karibu. Siku tatu sikujua nipo wapi."

"Na mtoto?"

"Kichwa kama kabichi. Akaishi."

"Ulimchukia?"

"Afadhali ningemchukia! Ingekuwa rahisi." Fleurette alikuwa analia sasa, kwa hasira, kama alivyofanya kila kitu. "Nilimpenda siku ileile. Na kila nikimpenda namwona yule padri amekaa hapo ulipokaa wewe, anacheka: unaona, Fleurette, si nilikwambia? Nikimbusu mtoto, padri ameshinda. Nikimfunga kamba za viatu, padri ameshinda. Nikamwita Pasaka ili nisisahau nilivyolazimishwa. Miaka sitini, mwanangu, nampenda mtoto wangu kwa kujificha ili yule mtu asijue."

Normand aliweka mkono mdomoni. Alikuwa amefundisha miaka ile kwa takwimu, kwa ramani, kwa picha za mawaziri, na jibu la swali la Maïka, mapinduzi yako wapi, alikuwa anatembea nalo mwilini wakati wote.

Maïka akaanza tena kutafuna chingamu. Dini hakuijua, alichokijua maishani ni magongo ya barafuni.

"Huyo padri yuko wapi sasa?"

"Kaburini. Tangu sabini na moja."

"Wewe uko hai."

"Mpaka sasa."

"Na mtoto?"

"Yuko hapo ubavuni pako," alisema Fleurette. "Anapumulia pua moja tangu azaliwe. Unadhani nisingemjua?"

Maïka akageuka, akaona jicho kwenye ufa.

"Bwana Normand! Kanuni ya kwanza!"

"Kibao hakifungi," alisema Normand kwa sauti isiyokuwa yake.

"Basi," alisema Maïka, akimrudia Fleurette, "nyinyi wawili mpo, yeye hayupo. Ni mbili kwa bila, Bibi. Mechi imekwisha siku nyingi, ni wewe tu hujatoka barafuni."

Upande wa kushoto mkongojo ukagonga mbao. Kisha kukatoka sauti ambayo Normand alidhani ni ya kikohozi, akaogopa moyo umefika mwisho, mpaka akatambua kwamba mama yake anacheka.

Saa sita ilikuwa imepita. Normand alitoka, akamkuta Bi Josiane ameegemea ubao, leso mkononi, hana onyo lolote la kumpa. Yule mbebaji mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamegusa kidevu, na karatasi ya namba sitini na sita mkononi.

"Piano itangoja," alisema bila kumtazama mtu. "Hii yangu ni ndefu."

Normand akafungua mlango wa kushoto. Mama yake alikuwa bado amepiga goti, mdogo kuliko alivyokuwa asubuhi, hereni moja imekaa upande, ameshika ukingo wa kidirisha kwa mikono miwili. Akainama amwambie neno. Pole ilikuwa ndogo, na asante, kwa mtu aliyezaliwa namna ile, ilikuwa na aibu ndani yake.

"Normand," alisema mama yake.

Akageuka nyuma kutazama nani anaitwa. Nyuma yake kulikuwa na foleni tu, watoto wenye namba mikononi, wote wanamtazama yeye.

"Wewe, Normand. Usisimame hapo kama nguzo. Nipe mkono, magoti yamekwama."

Akampa mkono.